Mlango Uliolala: Kupiga Picha za Nebula na Galaksi Ukiwa Lamu

Karibu kila mwongozo wa kupiga picha za nebula na galaksi huanza kwa agizo moja: elekeza mhimili wa chombo chako kwenye Nyota ya Kaskazini, kisha uendelee. Msomaji aliyekaa juu ya paa la saruji mtaani Langoni, kamera mkononi na tripodi imekwisha kusimama, hukwama papo hapo, kwa kuwa nyota hiyo haionekani Lamu hata usiku mmoja wa mwaka. Mji wetu uko takriban digrii 2 na dakika 16 kusini mwa ikweta, na Nyota ya Kaskazini, ile ambayo mabaharia wa Bahari ya Hindi waliiita Jaa, hubaki daima chini ya upeo wa macho. Manahodha waliokwenda Arabuni na upepo wa kusi waliiona ikizuka kadiri walivyozidi kupanda. Ukigeukia suheli, hali si nzuri zaidi. Ncha ya kusini ya anga iko juu ya upeo, lakini kwa digrii mbili na robo tu, na nyota inayoikaribia, Sigma Octantis, ina ung'avu wa 5.4, yaani ni hafifu kiasi cha kuonekana kwa taabu hata kama ingekuwa utosini. Huku chini, ndani ya utando wa chumvi unaoelea juu ya bahari, haionekani kabisa.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu huyo wa juu ya paa. Kukaa karibu na ikweta, jambo ambalo miongozo ya ugenini hulitaja kama kikwazo pale inapokumbuka kulitaja, kwa kweli kunaipunguza kazi. Mhimili wa dunia kwetu umelala karibu sambamba na sakafu, na kifaa cha kuufuata kinaweza kuwa mbao mbili na bawaba, mlango mdogo uliolazwa chali, ambao fundi seremala yeyote wa hapa ataumaliza kwa nusu siku.

Kwa nini nyota hugeuka mistari

Vitu vinavyohusika hapa ni vile vilivyo mbali sana nje ya jamii ya sayari zetu: mawingu ya gesi yaitwayo nebula, mafungu ya nyota, na galaksi. Wengi hudhani kwamba ni vidogo mno na kwamba bila darubini kubwa haviwezekani. Sivyo. Wingu Kubwa la Magellan, ambalo ni galaksi jirani iliyo umbali wa takriban miaka-nuru 160,000, lina upana wa karibu digrii 10 angani, mara 20 ya upana wa mwezi mpevu, na Nebula ya Jabari, kundinyota ambalo wengine huliita Orioni, ina upana wa karibu miezi miwili iliyowekwa bega kwa bega. Ugumu wake ni uhafifu. Mwanga wake hauna budi kukusanywa kwa dakika nyingi, na wakati wote huo dunia inazunguka, kiasi kwamba nyota iliyo kwenye ikweta ya anga husogea sekunde 15 za tao kwa kila sekunde moja ya saa; sekunde ya tao ni digrii moja iliyogawanywa mara 3,600.

Ichukue kamera ya kawaida yenye lenzi ya kubadilishwa, ambayo pikseli zake zina upana wa mikromita 4, uifunge lenzi ya milimita 50. Kila pikseli hapo inabeba sekunde za tao 16 na nusu za anga. Ukifungua shata kwa sekunde 5 kamera ikiwa imetulia juu ya tripodi, nyota imekwisha kuvuka zaidi ya pikseli nne, na badala ya nukta unapata kijistari. Kwa lenzi ya milimita 135, sekunde moja tu inatosha kuvuka pikseli mbili na nusu. Ile kanuni ya zamani ya kugawa 500 kwa urefu wa lenzi ili kupata sekunde za kufungua shata iliwafaa watu wa filamu na picha ndogo za karatasi. Mimi niliiacha siku niliyoikuza picha yangu ya kwanza kwenye kompyuta.

Mwendo huo hauko sawa pande zote za anga. Jabari amekaa karibu juu ya ikweta ya anga, basi nyota zake zinakimbia kwa kasi ya juu kabisa, ilhali Wingu Kubwa la Magellan, lililo karibu digrii 70 kusini, linasogea kwa theluthi moja tu ya kasi hiyo. Kwa hiyo mtu asiye na kifaa chochote cha kufuatilia, lakini ana lenzi ya milimita 50 na subira, aanze na Wingu la Magellan: mahali ambapo Jabari anamruhusu sekunde mbili, Wingu linamruhusu karibu sita.

Mlango wenyewe

Mashine za kufuatilia nyota zinazouzwa madukani ni nzuri, lakini nyingi zimeundwa kwa ajili ya watu wa latitudo za kati, na kichwa chake hakiinami hadi digrii mbili bila fimbo ya uzito kugonga mguu wa tripodi. Kabla ya kununua, uliza swali hilo. Mpango wa mbao mbili na bawaba ulichapishwa na George Haig mwaka 1975, na haujapitwa na wakati.

Unahitaji mbao mbili ngumu zisizopinda, kila moja yenye urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 20. Plaiwudi nene inatosha. Mbambakofi ni bora, kwa sababu uzito wake unazuia mtikisiko. Mbao hizo ziunganishwe upande mmoja mfupi kwa bawaba ndefu isiyocheza hata kidogo. Kwenye ubao wa chini toboa tundu, ulizamishe humo nati ya milimita 6, kisha pitisha fimbo ya hesi kutoka chini ili ncha yake iusukume ubao wa juu. Hesi ya kawaida ya milimita 6 hupanda milimita moja kwa kila mzunguko, na hapo ndipo ilipo siri yote ya kifaa: umbali kutoka katikati ya pini ya bawaba hadi katikati ya fimbo ukiwa milimita 228.6, mzunguko mmoja kwa dakika utaufungua mlango kwa kasi ile ile ambayo dunia inazunguka. Ikiwa dukani umepata fimbo ya milimita 8 tu, ambayo hupanda milimita 1.25, umbali uwe milimita 285.7 na mbao ziongezwe urefu. Fimbo na bawaba viwe vya chuma kisichoshika kutu au vya shaba, kwa sababu kutu ya pwani haingoji mwaka uishe.

Nilipompelekea mchoro fundi mmoja wa milango, mzee aliyekwisha kuchonga vizingiti tangu kabla sijazaliwa, aliutazama, akaugeuza juu chini, akauliza, "Mwanangu, huu mlango wa chumba gani?" Nikamwambia hauna chumba, ni wa kubebea kamera. Akanyamaza. Akapima kutoka kwenye bawaba kwa rula yake ya chuma, akakwaruza alama kwa ncha ya msumari, kisha akaniuliza kama nusu milimita ina maana. Nikajibu kwa uhakika kwamba inayo. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kikoi, akapima upya tangu mwanzo. Baadaye nilipoketi kufanya hesabu niliona kwamba hata kosa la milimita mbili, kwa lenzi ya milimita 50 na nusu dakika ya kufungua shata, halizidi robo ya pikseli. Lakini sikurudi kumwambia.

Ubao wa chini uinuliwe kwa miguu mifupi ya sentimita kumi hivi, ili mkono upate nafasi ya kuzungusha fimbo kwa chini. Mwisho wa fimbo ufungwe kifuniko cha mtungi kilichotiwa alama 12, kila alama sekunde tano, na wewe uzungushe polepole ukifuata mshale wa sekunde wa saa yako. Usizungushe kwa mikupuo ya robo mzunguko kila baada ya sekunde 15, kama wengine wanavyoshauri, kwa maana katika sekunde hizo nyota imekwisha kuhama pikseli 13. Ukichoka kuzungusha, na utachoka, mota ndogo ya hatua inayoendeshwa na Arduino, kibao kidogo cha elektroniki kinachopangiwa kazi kwa kompyuta, itaifanya kazi hiyo kwa umeme wa pawabenki. Kamera ifungwe juu ya kichwa cha tufe, karibu na bawaba, ili uzito wake usiilemee fimbo.

Kuulaza kwa jaa na suheli

Bawaba ndiyo mhimili. Pini yake haina budi kulala kutoka kaskazini hadi kusini, mwisho wake wa kusini ukiwa umeinuka kwa digrii sawa na latitudo ya mahali ulipo. Kwa ubao wa upana wa sentimita 20, hiyo maana yake ni kusawazisha kila kitu kwa pimamaji, kisha kutia kijibao chenye unene wa milimita 8 chini ya ukingo wa kusini. Malindi, iliyo takriban digrii 3 na dakika 13 kusini, inahitaji milimita 11. Bawaba iwe upande wa magharibi na fimbo upande wa mashariki, ili fimbo inapopanda ubao wa juu uinamie magharibi pamoja na nyota. Ukikosea hapo, picha zako zitakuwa na mistari mirefu maradufu ya ile ya kutofuatilia kabisa.

Kuhusu mwelekeo, dira inafaa kwa kuanzia, kwa sababu upotofu wa sumaku katika pwani yetu ni mdogo, ilmradi uiweke mbali na fimbo ya chuma, nondo za paa na simu. Njia ninayoiamini zaidi ni ya kivuli. Ning'iniza timazi mchana, na wakati jua linapopinduka, chora mstari wa kivuli cha uzi sakafuni: mstari huo ni kaskazini na kusini halisi. Jua halipinduki saa sita kamili. Saa za Afrika Mashariki zinahesabiwa kwa longitudo ya digrii 45, nasi tuko karibu digrii 41, hivyo kwa wastani jua hupinduka hapa yapata saa sita na dakika 16. Mwanzoni mwa Novemba huwa karibu saa sita kamili, na katikati ya Februari huwa karibu saa sita na nusu. Ratiba ya sala iliyobandikwa msikitini itakupa wakati wenyewe wa siku yako, ukikumbuka kwamba kwa adhuhuri huenda zimeongezwa dakika chache baada ya jua kupinduka. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba njia hii haifai, maana jua hupita utosini kabisa na timazi haina kivuli cha kuchora. Juni na Desemba ndiyo miezi yake. Mimi nilichora mstari wangu mwezi wa Juni, nikautia rangi juu ya saruji, na tangu hapo sijaugusa.

Je, usahihi huo unatosha? Mhimili ukikosea kwa digrii moja nzima, nyota huteleza kwa takriban sekunde 16 za tao kwa dakika, yaani pikseli moja kwa lenzi ya milimita 50. Kwa lenzi hiyo basi dakika moja ya kufungua shata ni salama, na kwa milimita 135 ni nusu dakika au pungufu kidogo. Ukitaka kuhakikisha, ielekeze kamera kwenye nyota iliyo karibu na utosi na ufungue shata dakika tatu huku ukizungusha. Mstari ukionekana kwenda kaskazini au kusini, geuza ubao kwa upana wa kucha na upige tena; ukirefuka, umegeuza kinyume.

Usiku gani, na maji yako wapi

Mwezi ndio adui wa kwanza, na kalenda ya Kiislamu ukutani ndiyo ratiba bora ya mpiga picha. Usiku wa kazi ni kuanzia tarehe 25 ya mwezi mwandamo hadi tarehe 3 au 4 ya mwezi unaofuata. Jua likishazama kwetu huteremka karibu wima, hivyo giza kamili hufika baada ya dakika 70 hadi 75 tu, na mwaka mzima tuna takriban saa tisa na nusu za giza la kweli kila usiku, anasa ambayo wenzetu wa kaskazini mwa Ulaya hawaipati katika majira yao ya joto.

Mahali pazuri pa karibu ni ufuo wa Shela, ukipita nyumba za mwisho na kuingia sehemu ya vichuguu vya mchanga. Mwanga wa mji unabaki nyuma yako kaskazini-magharibi, taa za bandari mpya ya Lamu huko bara zinabaki kaskazini, na mbele yako upande wa kusini na mashariki ni bahari tupu. Mtu wa Malindi, ambaye mji wake una taa nyingi zaidi, aelekee kaskazini, upande wa Mambrui na Ngomeni. Na akifika Ngomeni aitazame ile minara ya San Marco baharini, iliyotumiwa na Italia kurushia roketi, kwa kuwa hapo ndipo setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kuundwa mahususi kwa kuchunguza mionzi ya eksi kutoka angani, iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya. Popote utakapokwenda, mwarifu mzee wa mtaa au walinzi wa eneo mapema. Mtu aliyeinama gizani juu ya kisanduku chenye nyaya ana maelezo marefu ya kutoa.

Jambo ambalo miongozo haitakwambia ni bamvua. Mwezi unapoandama, usiku ule ule unaoutaka kwa giza lake, bahari huwa na maji makubwa, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Katika siku hizo maji huwa yamepwa vizuri yapata saa nne usiku, ufuo ukiwa mpana na mchanga umeshindiliwa kama sakafu, mahali panapokuvutia kuweka vyombo. Kisha yanarudi na kujaa karibu saa kumi alfajiri. Mwaka wangu wa kwanza niliweka mlango juu ya kigoda katika mchanga huo mgumu, nikawasha mota, nikajilaza kwenye mkeka. Nilizinduliwa na ubaridi miguuni. Kamera niliiwahi, lakini pawabenki na mkoba wa vitambaa vilikwenda na maji, na picha 90 za usiku ule zina nyota zinazoanza kuyumba taratibu kuanzia ile ya 71, kigoda kilipoanza kuzama. Weka vyombo juu ya mstari wa majani makavu ya baharini, hata kama mchanga wa huko ni laini. Tandika ubao chini ya miguu ya kigoda.

Lenzi, chumvi na mwanga

Umande huanza kuganda kwenye kioo cha mbele mara kioo kinapopoa, na hapa pwani hewa ina unyevu wa kutosha wakati wote. Zungushia lenzi bomba la karatasi ngumu lenye urefu wa kiganja, na ukiweza, funga mkanda wa kupasha joto unaotumia umeme wa pawabenki. Usiitoe kamera moja kwa moja kutoka chumba chenye kiyoyozi. Iache ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa nje kwanza. Chumvi ya bahari usiifute kavukavu, maana unasugua mchanga juu ya kioo. Pulizia kwanza, kisha tumia kitambaa chenye majimaji ya lenzi.

Fokasi iwe ya mkono. Alama ya umbali usio na mwisho iliyochorwa kwenye lenzi si ya kuaminiwa. Elekeza kwenye Shira (Sirius) au Suheli (Canopus), nyota mbili zinazong'aa kuliko zote za usiku, kuza picha mara kumi kwenye kioo cha nyuma, na usogeze pete polepole hadi nyota iwe nukta ndogo kabisa. Kisha ibandike pete kwa utepe. Punguza tundu la lenzi kidogo, kwa mfano kutoka f/1.8 hadi f/2.8, kwa sababu likiwa wazi kabisa nyota za pembeni huota mabawa. ISO 1600, sekunde 30, faili ghafi badala ya JPEG. Angalia grafu ya mwanga: kilima chake kiwe kimejitenga na ukuta wa kushoto, kisifike katikati.

Kisha piga nyingi. Picha moja ya sekunde 30 itakuonyesha chengachenga na doa la kijivu. Picha 60 zikiunganishwa, lile doa linakuwa nebula. Ni kama kumsikiliza mtu mmoja anayerudia neno lile lile sokoni: kelele za soko hubadilika kila mara, neno lake halibadiliki, na ukisikiliza mara nyingi vya kutosha unalipata. Faida hiyo huenda kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha, hivyo ili kupunguza chengachenga kwa nusu lazima idadi ya picha iongezwe mara nne. Baada ya kila nusu saa hivi, rudisha fimbo mwanzo na umtafute upya unayempiga, kwa sababu fimbo iliyonyooka huanza kubaki nyuma kadiri mlango unavyofunguka.

Nani yuko juu, na lini

Kaskazi ndio msimu wetu, hasa Januari na Februari, mawingu yanapokuwa machache na upepo si mkali. Mwishoni mwa Januari, kati ya saa tatu na saa nne usiku, Jabari yuko karibu kabisa utosini Lamu, ambako hewa ni nyembamba kuliko pande zote, na nebula yake, iliyo umbali wa miaka-nuru 1,350 hivi, hupigwa hapa katika hali ambayo mtu wa London hawezi kuipata. Henry Draper, aliyekuwa wa kwanza kuipiga picha, huko Marekani tarehe 30 Septemba 1880, alilazimika kuacha mwanga uingie kwa dakika 51. Saa ile ile, Wingu Kubwa la Magellan liko upande wa bahari, digrii 22 juu ya upeo, na Kilimia kiko upande wa kaskazini, kikiwa bado juu ya kutosha. Lenzi ya milimita 135 inakienea vizuri, na ukikusanya saa nzima utaona ule utando wa samawati unaozizunguka nyota zake.

Nebula ya Carina na fungu la Omega Centauri, ambavyo mimi navipenda kuliko Jabari, vina kisirani cha majira. Jioni zake njema ni Aprili na Mei, wakati masika yameshika. Dawa ni kuamka: mwanzoni mwa Februari Carina iko juu kabisa yapata saa nane usiku, digrii 32 juu ya bahari, na mwezi mmoja baadaye Omega Centauri inafika mahali pake, digrii 45, usiku wa manane vilevile. Kitovu cha Njia Nyeupe, pamoja na nebula ya Lagoon, hupanda juu sana upande wa kusini jioni za Julai na Agosti, lakini huo ni wakati wa kusi. Mawingu hupita makundi kwa makundi na upepo huutikisa mlango. Nenda uani, nyuma ya ukuta, utumie sekunde 15 badala ya 30, na uwe tayari kutupa nusu ya picha. Galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka-nuru milioni 2.5, inapatikana Novemba kati ya mvua moja ya vuli na nyingine, digrii 46 upande wa kaskazini.

Kuunganisha

Kabla ya kuondoka, funika lenzi na upige picha 20 za giza kwa ISO ile ile na sekunde zile zile. Usiziache za kesho. Usiku wetu una joto la digrii 26 hadi 28, na chengachenga za joto katika kihisi cha kamera huongezeka takriban maradufu kwa kila nyongeza ya digrii 6, hivyo picha za giza zilizopigwa chumbani chini ya kiyoyozi hazitafanana na za ufuoni. Kisha, alfajiri anga inapoanza kuwa nyeupe, tandaza kitambaa cheupe kisicho na mikunjo mbele ya lenzi, upande wa kanzu unafaa sana, na upige 20 nyingine bila kuigusa fokasi; hizo ndizo zitakazoondoa giza la pembeni na vivuli vya vumbi.

DeepSkyStacker na Siril ni programu za bure, na yoyote kati yake itazipanga nyota zote mahali pamoja, itoe picha za giza, igawanye kwa zile za kanzu, na kukupa faili moja. Faili hiyo itaonekana nyeusi tupu. Usishtuke, data imo, imejibana upande wa kushoto wa grafu, na kazi yako ni kuivuta nje hatua kwa hatua, kidogo kidogo mara nyingi badala ya mara moja kwa nguvu. Kabla ya kuvuta, ondoa mteremko wa mwanga ulioletwa na taa za mji. Siril ina zana yake ya kufanya hivyo. Usuli ubaki wa kijivu cheusi, usiwe mweusi ti, kwa kuwa ukiufanya mweusi unafuta pia kingo hafifu za nebula ulizokesha kuzitafuta. Na usitarajie wekundu mkali wa picha za setilaiti katika Carina: kichujio kilichomo ndani ya kamera ya kawaida huzuia sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa hidrojeni, wa nanomita 656, na rangi yako ya kweli itakuwa waridi iliyopauka. Wapo wanaolipa kichujio hicho kiondolewe. Wapo pia wanaopaka wekundu kwenye kompyuta, na hao huwatambua mara moja, kwa sababu hata nyota zao za samawati huwa zimeona haya.

Faili ghafi usizifute. Nyota hazihami kiasi cha kuonekana kati ya mwaka na mwaka, na picha za Januari hii zinaweza kuunganishwa na za Januari ijayo maadamu lenzi ni ile ile. Za kwangu za Jabari, za misimu miwili, zimefika saa mbili na dakika 40 kwa jumla, na ule ukingo wa juu wa nebula, upande wa kaskazini, bado una chengachenga.